HCT imefika 55 tangu nianze sindano za testosteroni. Ni dozi, ni mwinuko wa Mbeya au ni kukoroma?

#1 Mwana wa Uyole

Wakuu, heshima kwenu.

Naombeni mawazo, hasa ya wenye uzoefu na walio upande wa tiba. Nina miaka 43, nipo Mbeya. Nilifanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye tezi ya pituitari, ile ndogo iliyo chini ya ubongo inayoamrisha tezi nyingine. Uvimbe ulitoka, lakini amri ya kwenda kwenye korodani nayo ikakatika. Testosteroni ilipimwa asubuhi, siku mbili tofauti, zote ikawa chini ya 6 nmol/L. Waliopita hapo wanajua: uchovu usioisha hata ukilala mchana kutwa, misuli inayeyuka, ndevu hazioti, na nyumbani maelewano yanapungua.

Daktari akanianzishia testosteroni enanthate 250 mg, sindano ya kalio kila baada ya wiki 3. Imenirudisha kazini na imenirudisha nyumbani. Shida ni hii: kabla ya kuanza HCT (asilimia ya damu ambayo ni seli nyekundu) ilikuwa 44, baada ya miezi sita ikawa 50, na kipimo cha juzi kimesoma 55, HB (himoglobini) 18.3. Asubuhi kichwa kizito, masikio yanavuma, presha 150/95 ambayo sikuwa nayo. Daktari amezuia sindano inayofuata hadi turudie kipimo.

Kinachopandisha ni nini hasa? Kuna aliyeniambia dozi, kuna aliyesema ni mwinuko wa huku kwetu, na mke wangu anasema ni kukoroma. Halafu, nikienda kuchangia damu tatizo litakuwa limeisha?

Nawasilisha.

#2 Chuma Kikali

Mkuu, 250 kwa wiki 3 ni kidogo sana, haiwezi kuwa dozi. Jimu ninayofanyia mazoezi watu wanapiga 500 kila wiki na wako fiti. Kunywa maji lita 4 kwa siku, punguza nyama nyekundu, itashuka yenyewe.

#3 Tabibu wa Kata

Chuma Kikali, wako fiti kwa kipimo gani? HCT haionekani kwenye kioo cha jimu. Waulize wangapi wamepima FBP (picha kamili ya damu) mwaka huu.

Mleta uzi, daktari wako amefanya sahihi. Miongozo mingi inaweka mpaka kwenye 54. Ukivuka, dawa inasimama, damu ikishuka unaanza tena kwa dozi ndogo au kwa aina nyingine ya dawa. Inavyopanda ni hivi: testosteroni inashusha hepsidini, kemikali ya ini inayobana chuma mwilini, na wakati huohuo inazichochea figo zitoe erithropoietini zaidi, homoni ya kuagiza damu. Uboho wa ndani ya mifupa unapata chuma na unapata amri, basi unatengeneza seli nyekundu bila breki. Damu inakuwa kama uji uliozidishiwa unga, moyo unausukuma kwa shida.

Sindano zinapandisha kuliko jeli, na sindano za muda mfupi kama yako ndizo zinazoongoza. Siku mbili tatu baada ya kuchomwa homoni inaruka juu ya kawaida, wiki ya tatu imeshuka karibu na ulipoanzia. Uboho unaitikia ile siku ya kilele. Kwa hiyo hata kama jumla ya dozi ni ya kawaida, mpangilio wake unaweza kuwa ndio tatizo.

Nijibu moja: wiki ya tatu unajisikiaje?

#4 Fundi Hadubini

Mimi ni wa maabara. Kabla hatujafika kwenye hepsidini, hiyo 55 tuiangalie yenyewe.

Mashine nyingi za sasa hazipimi HCT moja kwa moja. Zinahesabu seli, zinapima ukubwa wa seli moja, kisha zinazidisha. Damu ikikaa muda mrefu kwenye chupa kabla ya kupitishwa, seli zinavimba na HCT inapanda wakati wingi wa seli haujabadilika. HB haidanganyi kirahisi hivyo. Angalia na MCV, huo ukubwa wa seli moja, kwenye karatasi yako.

Maswali kwako: damu ilipimwa siku ileile? Ulikuwa umekunywa maji? Na ile 44 ya mwanzo ilipimwa Mbeya au wapi?

#5 Mwana wa Uyole

Tabibu wa Kata: wiki ya kwanza nina nguvu na hasira za karibu, wiki ya tatu nasinzia kwenye kiti ofisini. Mke anajua tarehe ya sindano bila kuangalia kadi.

Fundi Hadubini: 44 ilipimwa Dar nilikofanyiwa upasuaji. 50 na 55 ni za huku. Ya juzi ilitolewa mchana, nikaambiwa mashine ina hitilafu, majibu yakatoka kesho yake jioni. Sikuwa nimekula wala kunywa tangu usiku, nilidhani ndivyo inavyotakiwa. MCV 97, zamani ilikuwa 89.

#6 Fundi Hadubini

MCV kutoka 89 hadi 97. Ndiyo maana niliuliza.

Na kuhusu mwinuko: Mbeya iko mita kama 1,700, Dar iko usawa wa bahari. Shirika la Afya Duniani lina jedwali la kurekebisha HB kwa wakazi wa milimani. Kwenye toleo lililotumika miaka mingi, mita 1,500 unatoa gramu 0.5, mita 2,000 unatoa 0.8. HB ukiizidisha kwa tatu unapata HCT kwa makadirio. Maana yake Mbeya inakuongezea HCT kama pointi mbili hivi, zaidi ya hapo usiisingizie. Bado kuna pointi tisa za kutafuta.

#7 Mkimbiaji wa Sosiani

Salamu kutoka Eldoret. Hiyo ya mwinuko mimi inanisumbua. Sisi tuko juu ya mita 2,000, juu kuliko nyinyi, na niko kwenye testosteroni tangu nikiwa kijana. Nilipatwa na matumbwitumbwi nikiwa shule ya upili, zikashuka hadi kwenye korodani, zote mbili zikasinyaa. HCT yangu haijawahi kupita 50.

Lakini natumia ile sindano ya muda mrefu, undekanoate 1,000 mg, kila wiki 12. Ile ya wiki tatu nilianza nayo, mambo yalikuwa kama anavyosema mleta uzi, leo simba, kesho paka mgonjwa. Mimi niko na Tabibu, ni kilele cha sindano.

#8 Mzee wa Rungwe

Mke amesema kukoroma, na hakuna aliyemjibu. Msikilizeni mama, yeye ndiye anayekesha.

Mimi HCT yangu ilikuwa 56 na sijawahi kuchomwa homoni yoyote. Nilikuwa nakoroma hadi wageni wanahama chumba, katikati ya usiku pumzi inakatika, kimya, halafu nashtuka kama nimezamishwa. Oksijeni ikishuka kila usiku, figo zinadhani uko kileleni mwa mlima, zinaagiza damu zaidi. Kichwa kizito asubuhi, presha, kusinzia kwenye kiti, vyote hivyo nilikuwa navyo. Nilipata mashine ya kupulizia hewa usiku na nikapunguza mwili. Damu ilirudi 48.

Mwana wa Uyole, tangu uanze sindano umeongezeka kilo? Shingo imenenepa?

#9 Tabibu wa Kata

Mzee wa Rungwe amenikumbusha kitu kikubwa. Testosteroni yenyewe inaweza kuzidisha hali hiyo ya kukatika pumzi usingizini. Mtu anayekoroma kwa kukatika pumzi anatakiwa kuangaliwa kabla ya kuanzishiwa. Kwa hiyo mke na dozi wote wanaweza kuwa wamesema kweli.

#10 Shamba ni Mali

Mbona mnazunguka sana? Damu nzito dawa yake ni kitunguu saumu punje tatu asubuhi, ndimu na juisi ya choya bila sukari. Baba yangu ametumia, presha ilishuka.

#11 Nesi wa Zamu

Shamba ni Mali, choya inaweza kushusha presha kidogo, hilo sibishi. Lakini haipunguzi idadi ya seli nyekundu, na kitunguu saumu pia hakipunguzi. Mtu mwenye HCT 55 akikaa na juisi miezi mitatu akiamini anatibiwa, ndiyo tunampokea mguu mmoja umevimba kwa damu iliyoganda. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi kuwa fupi ghafla, huo ni usiku wa kwenda hospitali, usisubiri asubuhi.

Kuhusu kuchangia damu: wanaume wanaruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi 3. Itashusha HCT kwa muda, ni kweli. Lakini waeleze mapema kabisa unatumia dawa gani, waamue wao. Na ukifanya mchezo huo mfululizo huku dozi haijaguswa, unaishiwa chuma. Nimeona watu wenye HB nzuri lakini ferritini (akiba ya chuma) imekauka, wanalalamika uchovu, wanakwenda kuongeza testosteroni.

#12 Mama Wawili Tegeta

Samahani naingia kwa pembeni. Mmetaja jeli kama ndiyo salama zaidi kwa damu. Wenye watoto wadogo nyumbani wasome hapa.

Mume wangu alikuwa anajipaka jeli mabegani asubuhi, anavaa singleti, anambeba mwanetu wa kike wa miaka minne. Mtoto akaanza kutoa vinyweleo sehemu za siri, harufu ya kwapa, chunusi puani. Tulidhani sabuni, tukadhani mafuta ya nywele. Daktari wa watoto aliuliza swali moja tu: nyumbani kuna mtu anajipaka homoni? Tulipoacha kumgusa na ngozi iliyopakwa, vilianza kurudi nyuma taratibu, ila mifupa yake bado inafuatiliwa.

Hakuna aliyetuambia siku ya kupewa dawa. Mikono inaoshwa kwa sabuni, sehemu iliyopakwa inafunikwa na nguo, na kabla ya kumkumbatia mtu unaisafisha kwanza.

#13 Tabibu wa Kata

Pole sana mama, na asante kwa kuliweka wazi. Onyo hilo lipo rasmi. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza liandikwe kwa herufi nzito kwenye dawa hizo, baada ya watoto kudhurika namna hiyohiyo. Wajawazito nao wasiguse.

#14 Bin Mtendeni

Assalaam alaykum. Mie niko Maskati, asili yetu Unguja. Natumia jeli, na bi mkubwa wa Tegeta kanistua, nina wajukuu hapa nyumbani. Kuanzia leo napaka mapajani, ndani ya suruali, in shaa Allah.

Nina suali. Huku joto la mwezi wa sita mtu anatoka jasho kabla hajafika garini. Daktari wangu kaniambia HCT yangu ya 52 ni upungufu wa maji tu, ninywe maji. Kweli maji peke yake yanaweza kuifikisha hapo?

#15 Fundi Hadubini

Yanaweza kusogeza pointi kadhaa, ndiyo. Ukikaukiwa, sehemu ya majimaji inapungua na seli zinaonekana nyingi. Rudia ukiwa umekunywa vizuri tangu jana yake. Ikishuka ni maji, ikigoma jibu liko kwingine. Ila Chuma Kikali asidhani nimeunga mkono lita zake nne. HCT iliyopandishwa na uboho huwezi kuinywea maji ikaisha.

#16 Mfuatiliaji

Nilisoma mahali kwamba testosteroni inasababisha mshtuko wa moyo, ndiyo maana inapigwa vita. Mwana wa Uyole achana nayo kabisa, Mungu alivyokuumba vinatosha.

#17 Tabibu wa Kata

Mfuatiliaji, huyu alitolewa uvimbe. Pituitari haiamrishi tena. Akiacha kabisa, mifupa yake itadhoofika na HB inaweza kushuka chini ya kawaida.

Hofu ya moyo ilikuwepo, ikapimwa. Utafiti wa TRAVERSE ulitoka 2023: wanaume zaidi ya 5,200, miaka 45 hadi 80, wenye testosteroni ya chini na ugonjwa wa moyo au hatari kubwa ya kuupata. Nusu walipewa jeli, nusu jeli isiyo na dawa. Mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo vilikuwa asilimia 7.0 kwa waliopata dawa na 7.3 kwa wengine. Ila waliopata dawa walikuwa na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio kwa wingi zaidi, matatizo ya figo zaidi, na damu iliyoganda mapafuni zaidi. Na ilikuwa jeli iliyorekebishwa kila mara kwa vipimo. Mtu anayejichoma 500 kwa wiki asijifiche nyuma ya utafiti huo.

Na damu kupanda si jambo la nadra. Utafiti wa Australia wa 2021, wanaume kama elfu moja wenye miaka 50 na kuendelea, undekanoate kwa miaka miwili: asilimia 22 ya waliochomwa dawa walifika 54. Waliochomwa isiyo dawa, asilimia 1.

#18 Mkimbiaji wa Sosiani

Undekanoate? Ndiyo hiyo yangu.

#19 Tabibu wa Kata

Ndiyo hiyo yako. Kwa hiyo hoja ya kilele haitoshi peke yake. Umri nao unahesabika, wale walikuwa wazee kuliko wewe. Endelea kupima kila mwaka.

#20 Kaka wa Moshi

Hakuna aliyetaja ugonjwa wa uboho wenyewe. Mjomba wangu alisumbuliwa na HCT ya juu, kila mtu akasema sigara. Mwishowe walipima jeni inayoitwa JAK2, ikaonekana uboho ulikuwa unazalisha wenyewe. Dalili yake, alikuwa akitoka kuoga anawashwa mwili mzima. Mleta uzi, chembe nyeupe na chembe sahani (zile za kugandisha damu) zako zikoje? Na unavuta?

#21 Mwana wa Uyole

Sivuti. Chembe nyeupe na chembe sahani ziko ndani ya kawaida, siwashwi. Kilo zimeongezeka, kola za mashati ya zamani hazifungi tena. Mke amesoma #8 kwa sauti.

#22 Nesi wa Zamu

Mwambie mama ana heshima zote toka kwetu.

Wakati tunasubiri kipimo, kuhusu uchomaji. Hizi dawa ziko kwenye mafuta, hazichomwi haraka wala juu juu. Kalio, sehemu ya juu upande wa nje, au ubavuni mwa nyonga, badilisha upande kila mara. Undekanoate ya mililita 4 inasukumwa taratibu kama dakika mbili, na mgonjwa akae nusu saa kabla ya kuondoka, kwa sababu mafuta yakiingia kwenye mshipa anaweza kukohoa mfululizo na kukosa pumzi palepale.

Na wenye mzio wa karanga muulize dawa imeyeyushwa kwenye mafuta gani. Sustanon, testosteroni nyingine ya sindano, ina mafuta ya karanga. Undekanoate ina mafuta ya nyonyo, enanthate ina ya nyonyo au ya ufuta kutegemea mtengenezaji. Sindano iliyotumika iende kwenye sefti boksi, isiende kwenye pipa la taka la nyumbani.

#23 Chuma Kikali

Wakuu nimesoma yote. Nina swali la pembeni, msinishambulie. Mtu aliyetumia hizi za jimu muda mrefu, korodani zikawa ndogo, na ana mpango wa kuoa na kupata mtoto. Zinarudi?

#24 Mzee wa Rungwe

Huyo mtu tunamfahamu?

#25 Shamba ni Mali

Mwacheni kijana aulize, swali zuri.

#26 Tabibu wa Kata

Swali zuri sana. Testosteroni ya nje inauambia ubongo kwamba ipo ya kutosha, ubongo unaacha kutoa LH na FSH, homoni zinazoamrisha korodani, korodani zinakosa kazi na mbegu zinasimama. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu kama uzazi wa mpango wa wanaume. Matokeo yalichapishwa 1990, dozi 200 mg kwa wiki, na zaidi ya nusu ya wanaume mbegu zilifika sifuri. Mia mbili.

Baada ya kuacha, wengi zinarudi ndani ya miezi kadhaa, wengine huchukua mwaka na zaidi, na wapo ambao hazirudi vizuri. Apime mbegu, LH, FSH na testosteroni. Na mwenye upungufu wa kweli anayetaka mtoto aseme kabla hajaanzishiwa, zipo sindano nyingine zinazoamsha korodani bila kuzizima.

#27 Mwana wa Uyole

Mrejesho. Kipimo kimerudiwa nikiwa nimekunywa maji, damu ikapitishwa ndani ya saa moja: HCT 52, MCV 90, HB 17.4. Presha 140/90. PSA (kipimo cha tezi dume) iko sawa. Daktari amesema nitaanza tena na 100 mg kila wiki 2, FBP tena baada ya miezi mitatu, testosteroni ipimwe katikati ya sindano mbili. Kipimo cha usingizi nimepewa rufaa, nasubiri nafasi.

#28 Fundi Hadubini

Seli nyekundu inaishi siku kama 120. Kuruka sindano moja hakuwezi kukutoa 55 hadi 52 kwa muda mfupi hivi. Nusu ya tatizo lilikuwa chupa iliyolala na kiu.

#29 Tabibu wa Kata

HB nayo imeshuka karibu gramu moja, na ulisema mwenyewe HB haidanganyi kirahisi. Kiu sawa, lakini 52 iliyopimwa vizuri kwa mtu aliyeanzia 44 bado ni dawa inafanya kazi.

#30 Mzee wa Rungwe

Au ni usiku. Hajapimwa usingizi bado. Wakati unasubiri rufaa lala ubavu, na mama ahesabu pumzi zinavyokatika, mwende naye kwa daktari.

#31 Bin Mtendeni

Mie nimerudia, 50. Maji yamefanya kazi kwangu. Suali jengine: Ramadhani ikija, kupima damu alasiri hali nimefunga si nitarudi palepale?

#32 Nesi wa Zamu

Pima asubuhi mapema, umekula daku na kunywa vya kutosha. Testosteroni nayo inataka asubuhi, na kwa jeli ni saa mbili hadi nane baada ya kujipaka. Usipake mkono utakaotolewa damu, jibu litakuja la uongo.

#33 Chuma Kikali

Tabibu, nimepima. Mbegu hazijaonekana, LH na FSH ziko chini kabisa. Kuna jamaa ananiuzia klomifeni, vidonge vya kuamsha homoni hizo, anasema mwezi mmoja inatosha. Ninunue?

#34 Tabibu wa Kata

Usinunue. LH na FSH kuwa chini kwako ni afadhali, ina maana korodani zimelazwa, hazijafa. Acha sindano, chukua karatasi hizo uende kwa daktari wa njia ya mkojo au wa homoni, hospitali ya rufaa iliyo karibu. Pima na FBP ukiwa hukohuko. Wiki za kwanza utajisikia vibaya, mwili mzito, huzuni bila sababu, kwa hiyo mwambie mchumba wako sasa kabla hajaanza kujiuliza. Mbegu zirudiwe baada ya miezi mitatu.